Siku moja na kirikuu katika foleni za Arusha

Saa 10:30 alfajiri. Mimi na dereva wangu tunapakia kirikuu, pikapu yetu ndogo, hapa Tengeru: matenga manne ya nyanya, magunia mawili ya karoti, na mafungu ya mchicha tuliyoyafunika kwa gunia lililoloweshwa maji. Lengo la kila siku ni safari tatu za mjini. Mwezi huu wote nimekuwa nikiandika katika daftari dakika tunazosimama barabarani, kwa sababu nimechoka kusikia foleni ikiitwa kero. Kwangu mimi ni gharama, na gharama hukaa kwenye hesabu.

Saa 12:40 asubuhi. Wakulima wawili wamechelewesha mzigo, nasi tumechelewa kuondoka. Barabara ya njia nne kutoka Tengeru hadi Sakina, yenye kilomita 14.1, imetufikisha haraka sana kwenye foleni ya mataa ya Sanawari. Sisemi hivyo kwa kejeli. Upanuzi ule ulitusaidia kweli, ila uwezo wa barabara hupimwa kwenye makutano yake, na hapa magari ya shule, vifodi (daladala ndogo), bajaji na magari ya watalii yote yanataka kuteremka mjini ndani ya saa moja ileile. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha; ile ya 2022 ilikuta wamezidi 600,000, lakini katikati ya mji, zilipo benki, ofisi na maduka ya jumla, hapajaongezeka hata hatua moja ya ardhi.

Saa 2:15. Tumefika hotelini. Mpokeaji wa stoo anainua fungu moja la mchicha, linalegea mkononi mwake kama kitambaa kilicholowa. "Mama, nyanya na karoti napokea, lakini mchicha jikoni wameshanunua kwingine." Sina la kumlaumu.

Saa 4:00. Barabara ya Sokoine, tukielekea Kilombero na mchicha uliokataliwa. Fuso linashusha saruji upande wa kushoto, kifodi kinapakia abiria mbele yake, na konda anagonga bodi huku dereva wake hasogei. Njia nzima imepotea kwa sababu ya magari mawili. Tumesimama dakika 25. Injini ndogo ikinguruma bila kwenda popote hunywa takribani nusu lita ya petroli kwa saa, na hicho ndicho watu wengi hukihesabu kwanza. Daftari langu linanionyesha kwamba mafuta ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Hasara kubwa ni safari ya tatu ambayo haikufanyika: marejesho ya mkopo wa gari, bima na posho ya dereva havipungui kwa kuwa tumekwenda mara mbili, hivyo mzigo wa safari mbili unabeba gharama za safari tatu, nami naziongeza kwenye bei ya nyanya. Mlaji analipia foleni ambayo hakuiona.

Lipo na jambo la pili, ambalo linanigusa mimi mwenyewe. Ninapoingia Sokoine saa hii, ninawachelewesha wote walio nyuma yangu, na hakuna anayenidai. Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, London ikafuata mwaka 2003, na New York Januari 2025. Kwetu, kuanza na tozo kabla ya kuwa na usafiri wa umma unaoaminika kungekuwa kuwaadhibu watu wasio na njia nyingine. Dar es Salaam angalau ina mabasi ya mwendokasi tangu 2016. Ningeanza na jambo la bei nafuu zaidi: malori yashushe mizigo usiku, na vifodi vipewe vituo ambavyo haviko ndani ya njia.

Saa 9:00 alasiri. Safari ya pili, Njiro. Kiplefti ya Impala imetuchukua dakika 11, na hiyo ni nafuu. Malori ya Namanga, mpakani na Kenya, yana barabara yao ya mchepuko, zaidi ya kilomita 42, kusini mwa jiji. Pasipo hiyo, hali ingekuwa mbaya zaidi.

Saa 12:20 jioni. Tunarudi Tengeru, na dereva anazungumzia uwanja unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027. Anauona kama neema. Mimi ninawaza hoteli zitakazoagiza mboga maradufu, na saa ambazo maelfu ya watu watakuwa wakielekea upande mmoja wa mji.

Saa 2:00 usiku. Jumla ya leo: saa mbili na dakika 50 za kusimama. Nimeamua kwamba kuanzia kesho tutaondoka saa 10:00 alfajiri, mzigo ukiwa umeshapakiwa. Nimempigia simu mkulima wa mchicha kumwomba avune mapema zaidi. Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mama, na tochi ananunua nani?"