Jicho ndilo lililonitenganishia batisi wa Arabuko-Sokoke

Kwa miezi mingi kila batisi niliyemwona msituni Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, nilimwandika kwa jina moja tu. Ni ndege wa sentimita 10 hivi, mkia mfupi, kichwa kikubwa kwa mwili wake. Dume ana barakoa nyeusi na mkanda mweusi kwenye kifua cheupe. Hatulii. Unasikia mabawa yakivuma "frrr", mdudu amechopolewa chini ya jani, na darubini ikifika machoni yeye yuko tawi la tatu.

Kumbe wako wawili: Batis mixta na Batis soror. Madume wote wana mkanda uleule, nami kifua ndicho nilichokuwa nikikikazania!

Aliyenielekeza ni mzee mmoja anayetembeza wageni upande wa Gede. "Mwanangu, achana na mkanda. Tafuta jicho." Akanizuia kumfukuza ndege. Tukakaa kimya kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu mpaka kundi la ndege mchanganyiko likatupitia lenyewe. Dume akatua mita 4 hivi kutoka kwetu, akapinda shingo kuchungulia jani, na jicho nikaliona vizuri: jekundu la kukaribia chungwa, rangi ya kile kikofia cha mbegu ya mbambakofi. Huyo ni mixta. Kesho yake, kwenye miti ya mirihi na mchanga mweupe, nikampata mwingine mwenye mkanda kama wa jana, ila jicho ni la njano. Soror.

Majike ni rahisi zaidi, ajabu ni kwamba nilikuwa nikiwapuuza. Jike wa mixta ana hudhurungi iliyotapakaa kooni na kifuani, na mstari wa bawa lake ni wa hudhurungi pia. Wa soror ana mkanda mwembamba wa hudhurungi hafifu, na mstari wa bawani ni mweupe.

Miti husaidia kukisia: mirihi ni makao ya soror, vichaka vizito ni vya mixta. Lakini siandiki jina kwa sababu ya mti. Naandika kwanza nilichokiona, jicho, koo, bawa, ndipo nafungua kitabu.

Niliporudia daftari langu la zamani, nilifuta kila batisi ambaye sikuwa na ushahidi wake. Walibaki wawili, wote majike, kwa kuwa nilikuwa nimeandika rangi ya mstari wa bawa.