Karoti zilinigeuza rangi, sabuni ikaniokoa jicho

Daktari wa macho aliniambia kuna madoa ya manjano chini ya retina zangu, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kwamba makula, pale katikati ya utando huo panaposoma na kutambua sura za watu, imeanza kuchakaa. "Hatua ya kati," akasema. Mimi nikasikia upofu. Nikatoka pale nikamwomba ushauri kila mtu isipokuwa yeye, na wote wakaimba wimbo mmoja: karoti! Mmoja hata akaniahidi nitatupa miwani.

Basi nikazila. Asubuhi juisi, mchana mbichi, usiku za kuchemsha. Kama wiki ya sita hivi, shemeji alinipa mkono, akashtuka, akakigeuza kiganja changu juu. "Shemeji, ini lako zima kweli?" Viganja manjano, nyayo manjano, hata pembeni mwa pua. Nikakimbilia kioo, nikavuta kope: jicho jeupe pe. Ndiyo tofauti yenyewe. Manjano ya ini huingia hadi kwenye weupe wa jicho, ya karoti huuacha. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Nikahamia vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti. Nilinunua chupa kubwa, bei siitaji maana mke wangu anasoma haya. Nikampelekea daktari kwa majivuno. Akasoma lebo, akauliza swali moja tu: "Umewahi kuvuta sigara?" Nimevuta miaka ishirini, nikaacha. Akaisukuma chupa pembeni. Kumbe beta-karotini ya vidonge huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji, na sisi tulioacha hatujasalimika. Ndiyo maana utafiti wa AREDS2 wa Marekani, wa virutubisho vya ugonjwa huu wa macho, uliotoka 2013, uliweka mahali pake luteini miligramu 10 na zeaksanthini 2, pamoja na vitamini C, E, zinki na shaba.

Luteini na zeaksanthini ndizo rangi ya manjano ya makula yenyewe. Retina hutumia oksijeni nyingi mno huku ikipigwa mwanga mchana kutwa, na seli zake zimejaa mafuta yanayochacha upesi. Antioksidanti, yaani vitu kama hivyo vya kwenye vidonge, huzuia huko kuchacha. Hazifufui kilichokufa, ila kwa sisi wa hatua ya kati hupunguza uwezekano wa kufika hatua mbaya kwa takriban asilimia 25 ndani ya miaka mitano. Aliyeniahidi kutupa miwani hajawahi kuniomba radhi. Na meza baada ya kula: zinki kwenye tumbo tupu nimeijaribu mara moja, sirudii.

Sasa lile ninalojivunia. Nilipewa karatasi ya vyumba vidogo vidogo yenye nukta katikati, nikaibandika karibu na kioo cha kunyolea. Kila siku nilikuwa naitazama kwa macho yote mawili: mistari imenyooka. Asubuhi moja povu likaniingia jicho la kulia, nikalifumba. Lo! Mistari ikapinda kama nyavu iliyolegea. Kumbe jicho la kulia, lililo zima zaidi, lilikuwa linamfichia mwenzake! Nikaenda kwa daktari siku ile ile, povu bado sikioni. Majimaji yalikuwa yanavuja chini ya retina ya kushoto. Nikachomwa sindano ndani ya jicho, inauma kidogo kuliko inavyotisha. Tangu hapo nafumba moja moja, miwani ya kusomea usoni.

Vidonge vya mchanganyiko ule wa AREDS2 naendelea navyo kwa ajili ya jicho la kulia. Viganja vilirudi rangi yake baada ya miezi kadhaa, ila shemeji hadi leo hanisalimu kabla hajavikagua.