Magurudumu ya kaboni ya baiskeli, wiki ya sita: milimita 2.7 zimeivuruga orodha yangu
Jana usiku nilifuta majina mawili kati ya matatu yaliyokuwa yamebaki katika orodha yangu ya magurudumu ninayofikiria kununua, na kilichoyafuta hakikuwa uzito wala mlio wa habu (kitovu cha gurudumu), bali kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia upana. Zipp 303 Firecrest na ENVE SES 4.5 zimetoka. Roval Rapide CLX II imebaki peke yake, nami bado sijui kama imeshinda au imesalia tu kwa kuwa wenzake wameondoka.

Chanzo ni upana wa ndani wa ringi, yaani duara la nje la gurudumu linaloshika tairi. Zipp na ENVE zina milimita 25, ilhali Roval ina 21, tofauti ambayo kwa muda mrefu niliisoma bila kuijali. Kisha mwenzangu wa safari akaniazima gurudumu lake la nyuma lenye milimita 25 ndani. Nikalivisha tairi langu lililoandikwa upana wa milimita 28, nikalijaza hewa hadi bari 4.5 na kupata kipimo cha 29.8. Mtengenezaji wa fremu yangu anasema mwisho wa upana wa tairi ni 28, lakini nilikuwa nimekwisha kujiruhusu kufika 30, kwa hiyo nililala kwa furaha. Asubuhi tairi lilikuwa limetanuka hadi 30.7, yaani 2.7 zaidi ya ile 28 iliyoandikwa.

Mabomba ya nyuma ya fremu, pale yanapobanana karibu na mhimili wa pedeli, yameachana kwa milimita 36, kwa hiyo kila upande ulibaki na milimita 2.6 hivi. Nikiwa nimeketi hapakuwa na tatizo, lakini kila niliposimama juu ya pedeli katika kilima kikali nilisikia mkwaruzo mfupi. Kwanza nilizilaumu pedi za breki, nikazisafisha bure. Kisha nikaulaumu mhimili wa gurudumu, nikaulegeza na kuukaza upya mara tatu, nikazungusha gurudumu na kukuta limenyooka kabisa. Jioni ya tatu ndipo nilipobandika utepe mweupe ndani ya mabomba, nikapanda kilima kilekile, na utepe wa kushoto ukarudi na mstari mweusi.

Kwa wanaotaka kurudia kipimo hiki: kalipa za plastiki zitupeni. Taya zake hupinda, na kwa kuwa tairi ni laini, ukibana kidogo tu unapoteza nusu milimita pasipo kujua. Taya ziguse tu, na mpime baada ya siku nzima, si baada ya kuweka pampu chini. Kwa makadirio ya kawaida, kila milimita ya ndani ya ringi huongeza takriban 0.4 kwenye tairi, kwa hiyo Roval ingenipa 29.1 na karibu 3.5 za nafasi kila upande.

Ringi hizo mbili zilizotoka hazina ndoano ukingoni, yaani mkunjo wa ndani unaolishika tairi lisichomoke, na ringi za namna hiyo haziruhusu kuzidi bari 5. Tangu tairi la mwendesha baiskeli Thomas De Gendt lilipotoka kwenye ringi isiyo na ndoano katika mashindano ya UAE Tour ya mwaka 2024, mjadala kuhusu usalama wa ringi hizo haujapoa, nami nakiri kwamba nafsi yangu hutulia zaidi penye ndoano. Kuhusu uzito sina la kusema: tofauti ya gramu 300 katika kilo 85 za mimi na baiskeli hazifiki hata asilimia 0.4.

Leo nilikusudia kulinganisha habu, lakini umbo la Roval limeniteka. Ringi ya gurudumu la mbele ina kimo (kutoka ukingo wa tairi kuelekea kwenye habu) cha milimita 51 na upana wa nje wa 35, wakati ya nyuma ina kimo cha 60 lakini ni nyembamba zaidi, kwa sababu upepo wa ubavuni huvuta usukani kupitia gurudumu la mbele. Nikataka kuuonja upepo huo kabla ya kulipa, basi nikakata pete za kadibodi zenye milimita 51 na kuzifunga kwenye spoku za gurudumu langu la mbele la alumini. Nilisahau kwamba ringi ya alumini tayari ina kimo cha 24, kwa hiyo nilichokiendesha Jumamosi, huku kila lori likinisukuma pembeni, kilikuwa gurudumu lenye kimo cha milimita 75. Pete za 27 zimekwisha kukatwa, gundi inakauka.