Kutoka Kibaigwa hadi Mathare: Safari Pamoja na Mahindi

Mwishoni mwa Julai 2023 nilisafiri na lori la mahindi kutoka Kibaigwa, wilayani Kongwa katika Mkoa wa Dodoma, hadi Nairobi. Nilitaka kuiona kwa macho yangu barabara ambayo ikifungwa kwa siku chache tu bei huporomoka upande mmoja na kupaa upande wa pili, na wananchi wa pande zote mbili wakazikasirikia serikali zao kwa sababu zinazopingana. Nairobi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye maandamano ya kupinga gharama za maisha, ambamo vijana waliingia barabarani wakiwa wamevaa sufuria vichwani na baadhi yao hawakurudi nyumbani wakiwa hai.

Soko la nafaka la Kibaigwa huanza kazi kabla jua halijapanda. Mafuso yalikuwa yakiingia kutoka vijijini na kutoka wilaya jirani ya Kiteto, wapagazi wakishusha magunia, na dalali mmoja akipita kati ya marundo na bambo mkononi, kile chuma chenye uwazi cha kuchotea sampuli. Alikuwa akilichoma gunia ubavuni, anapokea punje kiganjani, anazinusa, kisha anang'ata moja kusikiliza kama imekauka. Kiwango kinachokubalika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kifaa cha kuupima alikuwa nacho mfukoni, lakini alianza kwa jino kila mara.

Pembeni ya mizani nilimwamkia mzee mmoja wa Kiteto aliyekuwa akisubiri zamu yake. Alinisimulia habari za mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kutoka nje ya nchi na kutaka wanaouza nje wauze unga. Mavuno yake yalimdodea stoo, ada za shule zikamshinda, na mwaka uliofuata akapunguza shamba. "Walisema watu wa mjini wapate kula," aliniambia. "Sawa, mwanangu, wale. Lakini na mimi nina watoto." Maneno yake yalinikumbusha miezi ya mwanzo ya 2023, unga ulipopanda bei Dar es Salaam na wengi wakadai mipaka ifungwe, naye Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, akakataa. Naamini alifanya sahihi, ingawa najua mama anayenunua unga kwa kilo moja moja Mbagala hawezi kunielewa kirahisi. Mkulima anayefungiwa soko leo hupanda kidogo mwakani, na uchache huo humrudia mlaji yule yule aliyekusudiwa kulindwa.

Tuliondoka mchana baada ya kukamilisha kibali cha kusafirisha nafaka nje, sharti ambalo mwaka ule lilikuwa limekazwa kiasi kwamba malori mengi yalikwama yakisubiri karatasi. Baada ya Dodoma tulishika njia ya Chemba na Kondoa, sehemu ambazo siwezi kuzipita bila kufikiria mwaka 2016, sumukuvu ilipowapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara na kuwaua 20. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota kwenye punje zisizokauka vizuri au zilizoanikwa juu ya udongo, na haiondoki kwa kupika. Kenya ililipa zaidi: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba kila mara Kenya inapotaja sumukuvu inatafuta kisingizio cha kibiashara. Hofu yao ina makaburi. Ninachokilalamikia ni namna hofu hiyo inavyotumika, yaani kwa amri ya ghafla inayowakuta watu wakiwa tayari njiani, badala ya vipimo vinavyofanyika mapema ghalani, mahali mkulima anapoweza kurekebisha.

Babati tulipita usiku, Arusha asubuhi, na jioni tukawa Namanga, chini ya mlima wa Ol Doinyo Orok. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa na marais wa nchi hizi mbili Desemba 2018, kimepunguza sana usumbufu wa kukaguliwa mara mbili. Hata hivyo foleni ya nafaka ilikuwa ndefu, kwa sababu kila shehena ilihitaji cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili na uthibitisho kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Hapo tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na mama ntilie aliyetupikia alikuwa na kumbukumbu kamili ya Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi ule mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, na tarehe 10 zuio likalegezwa kwa masharti mapya. Kwa anayesoma gazeti ni siku tano tu, lakini kwake zilikuwa siku za kuwalisha madereva kwa mkopo, huku baadhi ya matajiri wao wakiwa hawapokei simu. Mvua ilinyesha, na utingo waliamka usiku kufunga maturubai ili mahindi yaliyozuiwa kwa kuhofiwa sumu yasije yakaota kuvu pale pale yalipozuiliwa. Wapagazi walikosa kazi pande zote mbili. Wamaasai wa hapo, ambao ni ndugu kwa uzao bila kujali uraia, walianza kushukiana nani anapitisha magunia kwa bodaboda kupitia njia za panya na nani anawachoma kwa askari. "Lango lilifungwa kwa wenye karatasi," mama yule alisema, "wasio na karatasi waliendelea kupita."

Kutoka Kajiado hadi Kitengela hakuna la kusimulia isipokuwa vumbi na vituo vya ukaguzi. Mzigo ulishushwa kwa mfanyabiashara wa nafaka karibu na Nyamakima, katikati ya Nairobi, na kesho yake nikaenda mtaa wa mabanda wa Mathare kwa mwenye kisiagi, yaani mashine ya kusaga unga, anayenunua kwake. Tangu 2021, alinieleza, hununua nusu ya mahindi yake kupitia Busia, mpakani na Uganda, na nusu kupitia Namanga, akiweka akiba kubwa kuliko anayohitaji, na gharama ya akiba hiyo humfikia mteja katika kila gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Alikuwa Eldoret wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Aliona maghala yakiteketea, na wakulima waliofukuzwa wakishindwa kurudi mashambani msimu wa kupanda wa 2008. Januari 2009 Rais Mwai Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la kitaifa, watu milioni 10 wakiwa hatarini. Ukame ulichangia, lakini mashamba yaliyoachwa bila mbegu hayakusababishwa na mvua. Kwa hiyo njaa huzaa fujo na fujo huzaa njaa, na wanasiasa wanalijua hilo vizuri: pakiti ya kilo mbili ya unga ilishushwa kwa ruzuku hadi shilingi 90 za Kenya Mei 2017 na hadi shilingi 100 Julai 2022, mara zote mbili Agosti ya uchaguzi ikiwa imekaribia.

Wanawake niliowakuta kisiagini waliikumbuka ruzuku ya 2022 kwa foleni za unga ambao mara nyingi haukuwapo dukani. Baada ya hapo waliunda chama cha kununua gunia zima kwa pamoja na kuligawa kwa gorogoro. Wakati wa maandamano, maduka yalipofungwa, majirani wasio wanachama walikuja mlangoni kuomba, na maneno makali yakatokea juu ya nani apewe. Walipoketi kuzungumza, waliamua kuingiza nyumba nne zaidi na kununua magunia mawili. Siku niliyofika walikuwa wakijadili suala la mpangaji mpya mwenye watoto watatu ambaye hajatoa mchango wake. Mweka hazina alipinga kwa sauti, akitaja waliowahi kula na kuhama. Wengine walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakampimia mpangaji gorogoro mbili na kuandika deni lake daftarini.