Mipira ya Mia na Tisa

Mimi ni fundi cherehani. Miaka kumi na tisa nimekata magauni na sare za shule hapa Arusha, na mikono hii sikuitarajia hata siku moja kwenye gasketi, ile mipira ya kuzibia maungio ya gari. Ila baba alituachia Land Rover 109 ya mwaka 1976. Kaka zangu walitaka liuzwe kwa kilo, kama chuma chakavu. Nikakataa, wakaniambia basi ni lako.

(109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Baba aliliita Mia na Tisa, utadhani ndilo jina la ubatizo.)

Injini aliifungua fundi, hiyo si kazi yangu. Kilichobaki bila mwenyewe ni vile vimipira vidogo: vya chini ya taa za nyuma, vya matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, ringi ya kikombe cha pampu ya petroli. Vya taa vilikuwa vimekauka, ukikikunja kinakatika kama biskuti. Fundi akasema, "Dada, tupake silikoni tu, tuendelee." Silikoni siipendi. Inafurika pembeni kama uji, na siku ukitaka kubadili balbu unang'oa taa na rangi yake.

Nikachukua kitako cha taa, nikakipaka grisi kidogo kwa kidole, nikakikandamiza kwenye kadi ya boksi la viatu. Kikaacha alama yote, matundu ya skrubu yakiwemo. Hiyo kwangu ni patani kama patani nyingine. Mkasi ndio ulioniangusha. Mpira wa milimita tatu ukiukata kwa mkasi unajikunja, na ukingo unatoka wa mshazari. Sasa natumia wembe wa kisu cha karatasi, nauchovya kwenye maji ya sabuni, nakata juu ya kibao, taratibu, kwa mipito miwili au mitatu. Matundu natoboa kwanza, kwa kile kitobozi changu cha kuwekea ringi za chuma kwenye mapazia. Ukianza na ukingo, kipande kinakuwa chembamba na kinatembea chini ya nyundo, basi matundu yote yanakwenda upande. Taa zote mbili zilikaa vizuri. Kiburi kikaniingia.

Kiburi hicho ndicho kilichonipeleka kwenye pampu. Chini ya pampu ya petroli kuna kikombe cha kioo kinachokamata maji na uchafu, kimeshikwa na waya na skrubu ya kukazia, na juu yake inakaa ringi moja. Nikaikata kutoka kwenye tyubu ya tairi, duara safi kabisa, la ndani kwanza halafu la nje. Tukakaza, tukawasha, hata tone hakuna. Siku ya tatu gari likanuka petroli mpaka jirani akauliza. Kufungua kikombe, ringi imekuwa kubwa na laini kama ulimi, imejisokota, hairudi tena mahali pake. Na petroli ilikuwa inadondoka kando ya injini ya moto! Fundi hakucheka. Alisema tu, "Tyubu ni ya upepo, dada."

Usiku ule nilikata vipande vya sentimita kumi kumi: kimoja cha tyubu, kingine cha mpira mweusi ambao muuza vipuri aliniambia ni raba ya mafuta. Nikavitumbukiza kwenye chupa ya jamu yenye petroli, nikafunika, nikaiweka nje mbali na jiko. Asubuhi nikavipima kwa futi yangu ya kushonea. Cha tyubu kilikuwa kimepita sentimita kumi na mbili. Cha raba ya mafuta kilikuwa kumi na kidogo, na bado kigumu. Raba hiyo kitaalamu ni naitraili, nayo ndiyo ya kuweka penye petroli na oili. Tyubu ni butili, inashika upepo na maji vizuri lakini petroli inainywa. Kwa macho zote nyeusi. Kitambaa angalau ukikishika unajua hiki pamba, hiki nailoni.

Ringi ya naitraili ina miezi minne sasa, na kila Jumamosi nakipangusa kikombe kwa tishu kukagua.

Matundu ya hewa niliyabandika mpira wa sponji, ule usionyonya maji, baada ya kukwangua gundi ya zamani yote. Jumapili mwanangu alimwaga ndoo tatu kwenye kioo nikiwa nimekaa ndani na kanga magotini. Upande wa dereva mkavu. Upande wa abiria kanga ililowa pembeni. Nilibandua sponji, nikakuta mdomo wa bati umeliwa na kutu kiasi cha upana wa kidole, mpira hauna cha kuegemea. Hapo namsubiri mchomeleaji, kasema Alhamisi.