Nilivyoizoea "que j'aille"

Ukiongoza watalii wa Kifaransa hapa Arusha, huikwepi il faut que ("lazima"). Asubuhi unawahimiza watoke hotelini, porini unawakataza wasishuke garini, jioni mnakimbizana na muda geti lisije likafungwa. Sentensi zote hizo zinadai subjonctif, yaani umbo la kitenzi linalokuja baada ya maneno kama "lazima" na "nataka", na vitenzi vinavyotumika kila saa ndivyo vyenye ukaidi: être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda), faire (kufanya), pouvoir (kuweza).

Kilichonisaidia ni Kiswahili. Tunasema "lazima aende", "nataka muwe tayari", "ngoja nione". Ile -a ya mwisho inageuka -e, wala hatuifikirii. (Rudi na jibu, vyenye asili ya Kiarabu, havigeuki, "lazima arudi" inajulikana kwa kukosa kiambishi cha wakati. Na kwa Kifaransa que je parle haina tofauti na je parle.) Basi nikawa naitunga sentensi kwa Kiswahili kwanza, ikitokea -e, najua niko wapi. Lazima twende: il faut que nous allions. Nataka muwe tayari: je veux que vous soyez prêts.

Maumbo niliyapunguza. Vitenzi vingi vinatoka kwenye umbo la ils (wao) la wakati uliopo: ils viennent, ondoa -ent, unapata que je vienne. Nous (sisi) na vous (ninyi) vinafuata shina la nous la wakati huohuo: venions, veniez. Hapo venir (kuja), prendre (kuchukua) na boire (kunywa) vikatoka kwenye orodha yangu ya wakorofi. Faire, pouvoir na savoir (kujua) vina shina geni, lakini ni moja mpaka mwisho: fass-, puiss-, sach-. Être na avoir ni vya kukariri tu.

Aller ndiyo iliyonikalisha. Aille, ailles, aille, aillent: maandishi tofauti, mdomoni sauti moja. Allions na alliez zinarudi kwenye shina la kawaida. Taabu ni jirani yake avoir: que j'aie inasikika karibu na "zhe", que j'aille ni "zhay". Nikirudi mjini na gari tupu nilikuwa nazisema kwa sauti, que j'aie le temps, que j'aille à Karatu, mpaka ulimi ukaacha kuzichanganya.

Kiswahili nacho kina mpaka wake. "Nafurahi kwamba mmekuja" haina -e, ila Kifaransa kinataka je suis content que vous soyez venus. "Kabla geti halijafungwa" nayo ni avant que le portail soit fermé. Hisia, shaka na avant que nilizikariri peke yake. Kwenye "natumaini atakuja" lugha zote mbili zinapatana, j'espère qu'il viendra, hakuna subjonctif. Baada ya après que ("baada ya"), sarufi inakataza subjonctif, lakini Wafaransa wenyewe nawasikia wakiitumia garini. Siwasahihishi, tipu wanatoa wao.