Runinga kivulini, dishi juani: mechi tuliyoitazama Dunga

Gari letu ni vani kuukuu niliyoing'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda, jiko la gesi na runinga ya inchi 19 inayotumia betri. Dishi liko juu ya paa. Kwa mimi na mke wangu inatosha. Lakini Agosti 2025, watoto wakiwa likizo, tulitoka Nakuru kwenda kupiga kambi Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria kule Kisumu, na mashemeji zangu wa Kondele wakasema watakuja kutazama robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Harambee Stars ya Kenya na Madagaska. Watu kumi na watatu hawawezi kuchungulia inchi 19 kupitia mlango wa vani. Nikabeba ile ya sebuleni, inchi 43, nimeizungushia blanketi mbili.

Fundi mmoja alikuwa ameniuzia kigawanyio cha waya wa dishi: tawi moja liende kwa dekoda, la pili kwa runinga ya nje. Sikukijaribu nyumbani. Kule Dunga runinga ikaandika hakuna mawimbi, na ilikuwa na haki. Kinachopita kwenye waya ule ni mawimbi ya setilaiti yaliyofungwa, na mwenye ufunguo ni dekoda.

Nikatoa waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kutoka dekoda hadi runinga, wa mita 15, nikauvuta kutoka garini hadi kwenye mti, ambako runinga kubwa ilikuwa kivulini. Picha ikaja, ikajaa vimulimuli, ikazimika, ikarudi. Nilipoweka ule mfupi wa mita 2, shwari kabisa. Urefu ndio uliotuponza.

"Shem, si ulete tu gari hapa kwa kivuli?" akauliza shemeji mkubwa.

Haiwezekani, na sababu ni Kisumu yenyewe. Tuko karibu juu ya ikweta, karibu nyuzi 35 mashariki, na setilaiti ninayotumia iko nyuzi 36. Yaani iko utosini. Video za Wazungu wa Ulaya hukufundisha kutafuta mwanya kati ya miti upande wa kusini; huku hakuna upande, mwanya unautafuta juu ya kichwa. Gari likiingia chini ya mti, matawi yanaziba dishi. Runinga ikitoka kivulini, jua la saa kumi na moja linafuta picha yote.

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya gari, waya mkononi, nikakumbuka kwamba nyumbani waya wa dishi unashuka kutoka paani hadi sebuleni, mita ishirini na ushei, na haujawahi kulalamika. Basi kwa nini dekoda ikae garini? Iende kwenye mti, ikae ubavuni mwa runinga, HDMI ya mita 2 itoshe, na kinachorefushwa kiwe waya wa dishi.

Nilizima dekoda na kuchomoa plagi kabla ya kugusa chochote, maana waya huo ndio unaopeleka volti 13 au 18 kwa LNB, lile jicho la dishi. Msumari wa kati ukigusana na nyuzi za nje kukiwa na umeme, unaweza kuunguza kitu. Nikaunga mita 20 kwa jointi ya kukaza, nikafunga mfuko wa plastiki juu yake. Ubora wa mawimbi ulishuka kidogo tu.

Inveta, kile kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 240, niliiacha karibu na betri, nikavuta ekstensheni ya volti 240. Shemeji alitaka tuisogeze inveta karibu na runinga, lakini volti 12 kwenye waya mrefu mwembamba hupotelea njiani. Runinga na dekoda zilikula kama wati 100, yaani karibu ampea 9 kwenye betri. Betri yangu ni ya ampea-saa 100 na siishushi chini ya nusu, kwa hiyo nilikuwa na saa tano.

Omija wa Harambee Stars alipofunga, mti mzima uliruka. Madagaska wakasawazisha kwa penalti. Giza lilipoingia, kioo kikawa ndiyo taa pekee pale ufuoni, na wadudu wa ziwani wakakijia kwa maelfu. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Penalti za mwisho tulizitazama mke wangu akipangusa kioo kwa leso kila mpigaji anapopanga mpira. Tukatolewa 4-3. Shemeji akaanza kukunja ekstensheni bila neno.